Ada ya Kulala Gatini

Ilikuwako nchi, na mpaka leo ingaliko kwa sababu hajapatikana mtu mwenye cheo cha kutosha kusaini hati ya kuifunga, iliyoitwa Jamhuri ya Tele. Jina hilo walilichagua waasisi katika mwaka wa njaa, ili watoto waliokuwa wakilia wapate angalau neno zuri la kutamka. Nchi ilikuwa na bahari upande wa mashariki, ng'ombe upande wa magharibi, na wakubwa pande zote.

Kwenye bahari yake palikuwa na hori liitwalo Kidongoni, maji yake yametulia kama mchuzi uliopoa. Mabaharia wa nchi za mbali, wale wanaoizunguka dunia kwa boti za matanga kwa sababu wanazozijua wenyewe, walizoea kuingia humo wakatia nanga, wakalala siku mbili tatu, wakaenda zao. Hakuna aliyewatoza kitu kwa kulala. Walinunua samaki na nyanya, walifuliwa nguo, walitengenezewa injini na vijana wa gereji, na kila asubuhi walipigania mikate ya ufuta ya Bi Mgeni Faki, mjane mwenye mikono mifupi na maneno mafupi zaidi. Watu wa Kidongoni hawakuwa matajiri, ila watoto wao walikwenda shule wamevaa viatu.

Jambo hilo lilidumu miaka mingi bila serikali kulijua, maana macho ya serikali yalikuwa yameelekezwa kwenye maendeleo. Siku lilipofika mbele ya Baraza la Mawaziri, watu wazima walishikwa na baridi. Waziri wa Utalii, Maji Chumvi na Taadhima, Mheshimiwa Fundikombe, alisimama huku ameshika kifua.

"Waheshimiwa," alisema, "katika nchi hii hata maiti wetu hawalali bure mochari. Itakuwaje mgeni aliye hai, tena mwenye boti, alale bure juu ya maji ya taifa?"

Wenzake waligonga meza mpaka bilauri zikalia. Kikao hicho hicho kikazaa Mamlaka ya Malazi ya Vyombo vya Wageni, mkopo mnono kutoka Benki ya Urafiki wa Kudumu, na mahali pa kumweka Bwana Hilali Makungu.

Bwana Hilali alikuwa Mkurugenzi wa Majosho ya Ng'ombe huko magharibi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi cha wastani, aliyependa kazi iishe mapema na aliyeogopa maji yoyote yaliyovuka magoti. Majosho yake yalikuwa yamekufa siku nyingi, kwa kuwa ng'ombe walikataa kuogeshwa kwa dawa iliyokuwamo kwenye hesabu tu. Lakini mkewe alikuwa binamu wa Mheshimiwa Fundikombe, na hoja ikatolewa kwamba mtu aliyezoea kuswaga ng'ombe majini hatashindwa kuswaga boti. Hilali mwenyewe aliiona hoja hiyo ina mashiko. Alinunua kofia yenye nanga ya dhahabu mbele, akahamisha mke na watoto, akaja pwani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga bei. Kamati ilisafiri kwenda kujifunza katika mji fulani wa matajiri, ambako boti ni kubwa kuliko hospitali ya mkoa ya Tele na zina vitanda vingi zaidi. Waliona magati yenye mabomba ya maji matamu, umeme, vyoo vya marumaru na walinzi wasiosinzia. Walipiga picha. Waliporudi walileta kile walichoweza kukibeba, yaani bei. Mabomba, umeme na vyoo, ripoti yao ilisema, vitafuata katika awamu ya pili.

Basi gati likajengwa, refu na jeupe, mkabala na Kidongoni, likazungushiwa ukuta upande wa nchi kavu ili wananchi wasilichakaze kwa kulitazama. Bei ya kulala usiku mmoja ilitosha kununua ng'ombe mwenye ndama. Hilali ndiye aliyeigeuza hivyo kichwani mwake, maana hakuwa na kipimo kingine cha thamani, na alipomaliza hesabu alitoa kofia akajipepea. Alimwuliza Mheshimiwa kwa adabu kama haijawa kubwa kidogo. Mheshimiwa akamweleza kwamba kulala ni haki ya kila kiumbe, lakini kulala Tele ni heshima, na heshima haiuzwi rejareja. Juu ya ada ya kulala wakaweka ada ya kufungwa kamba, na ada ya kufunguliwa, ambayo ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa hapo mteja hana ujanja. Wakaongeza na ada ya mlingoti, kwa sababu kila mlingoti ulishika sehemu ya anga ambayo taifa lingeweza kuipangia matumizi mengine.

Boti ya kwanza ilipoonekana, wafanyakazi walipangwa mstari na tarumbeta ikapulizwa. Baharia wake, mwanamke mwembamba aliyebabuliwa na jua, alisoma bei iliyobandikwa, akauliza kama ni ya kulala au ya kulinunua gati. Alipoeleweshwa aligeuza boti pale pale. Karani alimkimbilia hadi mwisho wa gati akimdai ada ya kugeuza, lakini upepo ulikuwa upande wa yule mama.

Waliobaki wakaendelea kutia nanga Kidongoni kama zamani. Mamlaka ikatunga kanuni ya kuzuia kuelea bila kibali, ikaleta askari wenye boti ya doria. Hapo mabaharia wakafanya jambo ambalo hakuna mjumbe wa kamati aliyelitarajia: wakaenda kwingine. Nchi jirani, Visiwa vya Kando, haikuwa na jeshi la maana, na wimbo wake wa taifa uliisha kabla watu hawajamaliza kusimama. Lakini ilikuwa na gati la mbao, bomba moja la maji, na bei ya usiku isiyozidi sahani ya pilau. Mabaharia wote wakahamia huko.

Gati la Tele likabaki jeupe. Mtaalamu wa uchumi wa Mamlaka aliitwa, akaeleza kwa lugha ya kitaalamu kwamba mapato yameshuka kwa sababu boti hazipo, hivyo kila boti itakayokuja haina budi kulipia na zile zisizokuja. Bei ikapandishwa.

Bei ilipopanda mara ya pili, Bi Mgeni alivuka akaja kumwona Mkurugenzi. Mlinzi wa getini alimwuliza jina, naye alipolitaja akadaiwa ada ya mgeni. Alimweleza kwamba Mgeni ni jina alilopewa na babake. Mlinzi akamjibu kwamba basi aliyemponza ni babake, si Mamlaka, akampokea fedha yake.

Hilali alimkaribisha vizuri. Alimwagizia chai, akamsikiliza. Bi Mgeni alieleza bila kulalamika kwamba jiko lake limepoa, vijana wa gereji wamekwenda mjini kutafuta vibarua, na viatu vya watoto vimeanza kupokezana miguu. Hilali alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kisha akamwonyesha ukutani mchoro wa mapato yanayotarajiwa, wenye mstari mwekundu uliopanda toka kona ya chini hadi kona ya juu. Bi Mgeni aliutazama kwa makini.

"Mwanangu," alimwuliza, "huu mstari unapanda kwenda wapi?"

Hilali alifikiri, akasema unapanda kwenda juu. Bi Mgeni akashukuru, akaenda zake bila kuigusa chai. Siku hiyo Hilali naye hakumaliza yake, ingawa hakuweza kusema kwa nini.

Ndipo habari zikaja kwamba Mtukufu Rais atalizindua gati. Simu ya Mheshimiwa Fundikombe ilikuwa na neno moja tu: "Lijae." Hilali akaweka mkono wa simu. Alizunguka ofisi, akatazama maji matupu, akakata tiketi ya feri kwenda Visiwa vya Kando. Safari nzima alikaa katikati ya chombo amefumba macho, amevaa maboya mawili, moja juu ya jingine.

Aliwakuta mabaharia gatini wanakula. Aliwaomba waje Tele, usiku mmoja tu. Wengine walicheka, mmoja akamwuliza kama ada ya kucheka imeshapangwa. Aliyemsikiliza alikuwa Mreno mmoja mzee, mwalimu mstaafu aitwaye Duarte, ambaye Kidongoni walimwita Mzee Duati, na picha za watoto wake zilitundikwa kwenye kuta za nyumba za huko. Alikuwa akija kila mwaka tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na Kiswahili alikijua vizuri. Alimwuliza Hilali swali moja, kama Bi Mgeni angali anaoka. Hilali akasema jiko limepoa. Mzee akauliza masharti.

"Nakupa neno langu," alisema Hilali. "Hamtalipa hata senti, na asubuhi yake mtaondoka."

Duarte akampa mkono, akasema neno linatosha. Aliwageukia wenzake akawashawishi kwa lugha zao, na kila alipofika kwenye mikate ya ufuta alionyesha ukubwa wake kwa viganja. Hilali alirudi na feri akiwa amefumbua jicho moja.

Siku ya uzinduzi gati lilipendeza. Boti zilijipanga pande zote mbili, bendera za mataifa zinapepea, na ng'ambo ya ukuta jiko la Bi Mgeni lilikuwa limewashwa mpaka harufu ya ufuta ikawafikia mabalozi na kuwavurugia itifaki. Mtukufu Rais alitembea toka mwanzo wa gati hadi mwisho wake, akigusa milingoti kwa kidole. Alimwuliza Mheshimiwa Fundikombe kila boti inaleta kiasi gani kwa usiku. Mheshimiwa akamnong'oneza. Rais alisimama akitazama boti zote kwa pamoja, midomo yake ikicheza taratibu, na waliokuwa karibu wanasema machozi yalimlenga.

Alipopanda jukwaani aliiweka pembeni hotuba iliyoandikwa. "Wageni hawa wameipenda nchi yetu," alisema. "Historia haitanisamehe nikiwaacha waondoke."

Akaamuru kwamba hakuna boti itakayotoka kabla ya kulipa ada zote, na kwamba ada zihesabiwe tangu gati lilipokamilika, kwa kuwa lilikuwa tayari kuwapokea hata walipokuwa hawapo. Wananchi walipiga makofi. Mabaharia wengi, wasiojua lugha, nao wakapiga. Duarte alielewa kila neno, hivyo hakupiga. Alimtafuta Hilali kwa macho kwenye jukwaa, na Hilali akapata jambo muhimu la kuangalia kwenye kiatu chake.

Jioni mnyororo ukafungwa kwenye lango la maji, pale boti zinapoingilia, na kila upande akaketi askari mwenye bunduki. Huo mnyororo una habari yake. Serikali ilikuwa imelipia chuma kizito cha kuzuia meli ya vita, na Hilali ndiye aliyesaini kwamba amekipokea. Kilichopokewa ni mabomba ya plastiki yaliyopakwa rangi nyeusi na kukatwa mfano wa pete. Tofauti ya bei ilimalizia paa la nyumba ya Hilali, na sehemu kubwa zaidi ikaenda kumalizia mambo ya Mheshimiwa. Mnyororo huo ulielea juu ya maji mchana kutwa, bata bahari wakipumzika juu yake. Kila mtu aliuona ukielea, na kwa kuwa kila mtu aliuona, hakuna aliyeona haja ya kutaja.

Duarte alikuja ofisini kukumbushia ahadi. Hilali alimwomba asubiri nje, akampigia Mheshimiwa. Mheshimiwa alitaka kujua kitu kimoja tu, kama iliandikwa. Haikuandikwa. Basi, Mheshimiwa akasema, haikusemwa. Hilali akamwita mzee ndani, akamweleza kwa sauti ya kiofisi kwamba pengine hawakuelewana kwa sababu ya tofauti za lugha. Alikuwa anasema Kiswahili, na Duarte alikuwa anamjibu kwa Kiswahili. Mzee alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango huku miguu yake inaonekana. Hakukasirika. Hilali angependa sana akasirike.

Wiki zikawa miezi. Kila usiku uliopita ada iliongezeka, na juu ya ada ikaja faini ya kuchelewesha ada. Waziri wa Fedha aliposoma bajeti, wabunge walisikia kwamba malazi ya boti sasa yanaizidi kahawa, yanaizidi mifugo, na yanaelekea kuyazidi mapato mengine yote yakiunganishwa. Fedha yenyewe haikuwapo, lakini ilikuwa inadaiwa, na Benki ya Urafiki wa Kudumu ikakubali kukopesha juu ya hilo deni. Tele ikatajirika. Wabunge wakapata magari mapya, Mtukufu akapata ndege, na mjini pakaanza kujengwa jumba la makumbusho ya umaskini.

Balozi za nchi za mabaharia zilichangishana, zikaja na fedha kulipa deni lote ili watu wao waachiwe. Serikali ilitaharuki. Mheshimiwa Fundikombe alimweleza Hilali, kama mtu amwelezaye mtoto hatari ya moto, kwamba deni likilipwa linakwisha, na lisipolipwa linakua; ni mwehu gani atakayechinja ng'ombe anayenenepa? Mabalozi wakarudishiwa fedha zao pamoja na shukrani za taifa.

Wakati huo mabaharia waliishi kwa kuteka maji kwenye ndoo walizopitishiwa juu ya ukuta na watu wa Kidongoni. Askari walipaswa kuzuia jambo hilo, ila mishahara yao ilikuwa imechelewa na walikuwa wanakula mikate ya Bi Mgeni kwa mkopo, kwa hiyo ndoo zilipita.

Masika ilipoanza, Duarte aliugua. Miguu ilimvimba na pumzi ikawa inamkatikia akipanda ngazi tatu za boti yake. Daktari wa wilaya alimpima, akasema ni moyo, na kwamba mashine ya kumtibu ipo hospitali ya Visiwa vya Kando. Ya Tele nayo ipo, alisema, lakini ingali kwenye kasha inasubiri kuzinduliwa. Wenzake wakaomba boti moja tu iruhusiwe kumvusha. Hilali alilifikisha ombi lao. Mheshimiwa akashangaa. Mgonjwa, alisema, hulala usiku na mchana, hivyo ndiye mteja bora kuliko wote.

Siku iliyofuata Bi Mgeni alikuja tena. Mlinzi safari hii hakumdai chochote. Alipokaribishwa kiti, hakuketi, na hakumwita Hilali mwanangu.

"Bwana Mkurugenzi," alisema, "nimezaliwa hapa pwani na sijaona chuma kinachoelea. Hilo nakuachia wewe na mabwana zako. Yule mzee alikuja kwa neno lako. Akifia humu, nani atakayekwenda kuwaambia wanawe?"

Bi Mgeni alisubiri kidogo kama mtu anayengoja chenji, kisha akatoka.

Siku zile Hilali hakula vizuri. Kuuondoa mnyororo kulihitaji amri, na amri ingeuliza sababu. Kusema kwamba haufungi kitu kulihitaji kueleza chuma kimekwenda wapi, na chuma kilikuwa juu ya kichwa chake kila alipolala, kimegeuka mabati ya rangi ya damu ya mzee. Hakuwa shujaa, na alijijua. Alilala chali akitazama dari, akatafuta ndani ya moyo wake kitu chochote anachokiweza. Mwisho akakipata. Aliweza kuitisha semina.

Tangazo lilibandikwa asubuhi: Semina Elekezi ya Ukarimu kwa Mteja, ukumbi wa mjini, kwa askari wote, makarani wote na mabaharia wa boti ya doria. Posho italipwa mkononi. Mchana kutakuwa na wali na kuku. Katika Tele mtu aliweza kukaidi amri ya jeshi, na wapo waliomkaidi mama mzazi, lakini hajazaliwa aliyewahi kukataa semina yenye posho. Kabla ya kubandika, Hilali alipita nyumba ya Bi Mgeni, akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akamwambia kwamba siku hiyo gati halitakuwa na mtu, na kwamba ukarimu ni somo refu, anatarajia kulizungumzia mpaka alasiri. Akaondoka kabla hajaulizwa chochote.

Siku ilipofika, ukumbi ulifurika. Walikuja askari wa gati, walikuja na askari wa vituo vingine ambavyo havikualikwa, na mmoja aliletwa na dripu yake mkononi. Hilali alifungua semina mwenyewe. Alieleza maana ya mgeni tangu enzi za mababu, akaeleza namna ya kumpokea, kumkalisha, kumlisha. Watu walisinzia, akaendelea. Kwa kuwa ukumbi ule ulikuwa mlimani, dirisha lake lilitazama bahari. Hilali alikuwa anafika kwenye namna ya kumsindikiza mgeni alipoona tanga jeupe likichomoza nyuma ya ukuta, kisha la pili, kisha mengi kwa pamoja. Mstari wa hotuba ulimpotea. Akanywa maji, akaanza upya toka mwanzo.

Yaliyotokea gatini aliyasikia baadaye kwa vipande. Bi Mgeni aliingia na kapu la mikate kama siku zote, akawaambia wafungue kamba. Waliozifungua walikuwa wao wenyewe, na hakuna aliyewatoza. Boti ya mbele iliusukuma mnyororo kwa pua yake, nao ukakatika kama muhogo uliokauka, vipande vikaelea huku na huku. Bi Mgeni alikuwa ndani ya boti ya Duarte, amekipakata kichwa cha mzee. Hakurudi. Alifika ng'ambo akamsubiri atibiwe, na aliposikia bei ya kupanga kibanda kando ya gati la mbao, akatuma mtu kumletea bati lake la kuokea.

Hilali alikwenda kwa Mheshimiwa mwenyewe, akamwambia kwamba boti hazipo. Alitegemea pingu. Mheshimiwa hakupiga kelele. Aliinuka akafunga mlango, akauliza ni nani aliyeziona zikiondoka. Hilali akasema watu wote walikuwa semina.

"Bajeti ya nchi nzima imelala mle ndani," alisema Mheshimiwa kwa sauti ndogo. "Haziwezi kuondoka, Hilali. Nenda kazihesabu."

Basi zikahesabiwa. Kila asubuhi karani alipita gatini na Hilali, akaandika kila boti kwa jina lake na ada yake mpya. Askari walilinda maji. Wafagizi walifagia. Mnyororo mwingine uliagizwa kuchukua nafasi ya ule wa kwanza, kwa bei ya juu zaidi kwa sababu ya uzoefu. Deni likaendelea kunenepa, na Tele ikawa inatajwa katika makongamano.

Hali ilikuwa hiyo mpaka Benki ya Urafiki wa Kudumu ilipomtuma mkaguzi wake, Bwana Voss, mtu mrefu mwenye mkoba wa ngozi, aje kuziona mali zilizowekwa rehani. Mheshimiwa alipatwa na msiba wa ghafla kijijini. Ikabaki kazi ya Hilali kumtembeza mgeni gatini. Walitembea taratibu, maji yakimeta kushoto na kulia, hakuna hata kamba. Hilali alikuwa amejiandaa kusema kwamba boti zimepelekwa kupunga upepo. Lakini walipofika mwisho wa gati, ambapo hapakuwa tena na pa kwenda, maneno mengine yakamtoka.

"Bwana Voss, hakuna boti. Ziliondoka, na mimi ndiye niliyeziachia. Hata mnyororo ulikuwa plastiki."

Alisikia mwili wake umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Bwana Voss aligeuka kwanza kutazama kama kuna mtu nyuma yao. Hakukuwa na mtu.

"Mkopo huu niliupitisha mimi," alisema. "Mwakani nastaafu."

Akatazama maji, akasema kwamba kwa kweli boti zimetunzwa vizuri kuliko alivyotarajia. Kisha akamwomba Hilali asimame, akampiga picha kwa ajili ya ripoti, uso wake ukiwa mkubwa kiasi cha kuziba kila kilichokuwa nyuma yake.

Maneno ya Hilali, hata hivyo, yalifika yalikopaswa kufika. Wizara ilitoa taarifa ya masikitiko kwamba Mkurugenzi ameugua macho kwa sababu ya mng'ao wa bahari alioukabili kwa uzalendo, na kwamba taifa litagharimia matibabu yake nje ya nchi. Nje ya nchi iliyokuwa karibu na isiyohitaji viza ilikuwa Visiwa vya Kando. Alipanda feri, akakaa katikati.

Aliposhuka alisikia harufu ya ufuta kabla hajaona kitu. Karibu na gati la mbao palikuwa na kibanda, foleni ya mabaharia, na pembeni yake mzee amejifunika shuka anamega mkate kwa vidole, anaongea na mtu aliyeinama jikoni. Hilali alisimama nyuma ya pipa la maji kwa muda mrefu. Kisha akazunguka kwa njia ya nyuma, iliyokuwa na matope.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mchangamfu aliyefanya kazi yake bila haraka. Alimsomesha herufi kubwa, akamsomesha ndogo, akammulika kwa taa. Akamwambia kwamba hajapata kuona macho mazima namna hiyo kwa mtu wa umri wake, aende nyumbani akafurahi.

Hilali hakuinuka kitini. Alimwomba aandike kwamba ni mabovu.

Daktari alicheka, akidhani ni utani. Alipoona siyo, akauliza anataka yawe mabovu kiasi gani.

"Kiasi cha kunirudisha kazini," alisema Hilali. "Nina watoto, daktari."

Yule mama alimtazama, akaangalia pembeni, akaandika. Hakumtoza kitu. Alitoa kwenye kabati miwani myeusi, ile wanayopewa wazee waliotoka kufanyiwa upasuaji, akamvisha mwenyewe.

Jumatatu Hilali alikuwa gatini mapema, kofia kichwani, miwani usoni, karani kando yake na kalamu tayari. Walitembea toka mwanzo wa gati hadi mwisho, Hilali akitaja boti moja moja kwa majina, bila kusitasita hata kwa moja. Zote zilikuwamo. Karani akauliza kama afunge hesabu. Hilali aliinua mkono, akatazama kwenye lango la maji, akamwambia asubiri kwanza, kuna nyingine inaingia.